Kichaka cha Kitinda Mimba

Mama alipohamia kwangu, mtaa wa Jeppestown huku kusini mwa bara, mwaka 2010, alikuja na vipande viwili vya mti wa muhogo ndani ya kitenge: kimoja changu, kingine cha mdogo wangu, kitinda mimba wake, aliyechukuliwa na wapiganaji kule kwetu Kivu tusijue yuko wapi. Ndiyo ilikuwa desturi yake, kila mtoto na mti wake. Alivipanda uani, nyuma ya chumba ninachoshonea nguo. Nilimwonya kwamba baridi ya huku haina adabu, lakini mama yangu alikuwa akisikiliza redio tu.

Baridi ya kwanza, jalidi, ule umande unaoganda, ilivigeuza vyote viwili vyeusi. Changu hakukijali, kwa kuwa mimi ananiona. Kwa cha mdogo wangu alikaa matanga siku tatu, hali, hasemi. Nilimfokea kwamba muhogo si mtu. Niliona aibu baadaye.

Kabla ya baridi iliyofuata nilikwenda mtaa wa Fordsburg kwa Mtanzania mmoja muuza miche.

“Kaka, unataka maua au mboga?”

“Nataka kisichokufa.”

Alinionyesha vichaka vya maua ya waridi, vizuri, majani laini kama mashavu ya mtoto. Nikavikataa. Nilikuwa mkali siku hiyo, nakwaruza magome kwa ukucha, navuta mashina, kama mtu anayenunua mbuzi. Nikachukua rozmari, kichaka cha majani ya kiungo, kavu-kavu, isiyopendeza, ambayo tayari ilikuwa imepitia baridi mbili ndani ya kopo. Mama aliipa jina la mdogo wangu siku hiyohiyo.

Mwezi wa sita, asubuhi, binamu alipiga simu kutoka Uvira. Mdogo wangu alikuwa ameuawa tangu mwezi wa tatu, na waliomzika walimtambua kwa meno. Nilizima cherehani, nikatoka uani kumwambia mama.

Ardhi ilikuwa nyeupe kwa jalidi. Alikuwa amechuchumaa kando ya rozmari, iliyokuwa mbichi vilevile, akicheka peke yake. Akaniita kama kina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao:

“Ona, papa. Baridi imeishindwa. Mutoto yangu iko muzima.”

Nilikichukia kile kichaka, na nilijichukia zaidi mimi niliyekichagua.

“Wewe uko fundi,” akasema. “Umushonee shati, atakuja bila nguo. Usikate kadogo, atakuwa amekomaa.”

Nikarudi ndani, nikatandika kitambaa, nikakata. Mabegani niliongeza inchi mbili.