Walipitisha Mfumo Mpya wa Linux Tukiwa Msikitini, na Diski Ninayo Mimi

Makomredi wa ukurasa huu, ninyi mliowahi kuamuliwa mambo yenu nyuma ya migongo yenu, nisikilizeni. Admin, jina langu lifiche.

Nina miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa kompyuta mwaka wa tatu chuo kikuu, sasa niko likizo nyumbani Handeni. Vijana wa Handeni na Korogwe tuna chama kinachotengeneza toleo letu la Linux, ule mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kwa ajili ya kompyuta kuukuu za chumba cha kujisomea kilichoko Korogwe. Mgogoro wetu ulihusu mfumo wa kuwashia, ile programu inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine zote. Wa zamani niliupanga mimi, mstari kwa mstari, na kila mwanachama aliweza kuusoma. Katibu wetu, kijana wa Vugiri, upande wa Korogwe, niliyemfundisha mwenyewe amri yake ya kwanza, akataka tuhamie mpya.

Nilipinga kwa hoja. Nilisema mpya una kasi, sikatai, lakini umejitwalia kazi nyingi mno, na siku ukigoma hakuna kati yetu atakayejua umegomea wapi. Akanijibu mbele ya wote: "Kaka, wewe umekuwa mlinzi wa makumbusho. Tuanze kutoza kiingilio?" Wakacheka, hata wa kwetu Handeni.

Tulikubaliana kura ipigwe Ijumaa saa kumi kwenye kundi la simu. Aliipigisha saa saba, sisi wa Handeni tukiwa kwenye swala. Nilipompigia, akasema, "Akidi ilitimia, kaka. Mngesali haraka."

Hilo sijalisamehe, na sikusudii.

Masomo yote yamo katika diski moja ya nje, ninayoibeba mimi kati ya Handeni na Korogwe. Mfumo wa zamani ulikuwa usipoiona, unairuka na kuendelea. Mpya, kwa jinsi Katibu alivyoupanga, usipoiona unasimama papo hapo na kompyuta haiwaki. Nimeujaribu kwangu, nina hakika. Yeye hajui, kwa kuwa kila alipoujaribu diski ilikuwa imechomekwa. Tiba yake ni neno moja tu kwenye faili moja. Nimelinyamazia wiki nzima.

Jumamosi anauzindua mbele ya wazazi. Nikiiacha diski nyumbani, ataumbuka, nami nitasimama kudai kura irudiwe. Hotuba nimeshaiandika.

Lakini jana alinipigia mama mmoja, mwalimu mstaafu aliyetupatia chumba kile bure. Nilimwamkia, akasema, "Marahaba mwanangu. Nimealika wazazi hadi wa Mombo na Mkumbara. Wapo walionicheka, eti nimehifadhi makopo, si kompyuta. Utaiwahisha diski?"

"Nitaiwahisha, mama."

Kama nilimdanganya, hata mimi sijui bado.

Msinihubirie msamaha, sikuja kuutafuta. Nataka Katibu aanguke, na mama yule abaki amesimama. Kama njia hiyo ipo, nionyesheni. Kama haipo, niambieni waziwazi nimwache nani. Jibuni mapema: uzinduzi ni Jumamosi hii, Korogwe, saa nne kamili asubuhi.