Nilivyompokea Sonata

Nawaambia wazi, wa kulaumiwa ni jirani yangu Tumpe. Ndiye aliyeniambia, "Mama Ambele, mwanao analeta Sonata kanisani leo." Maporomoko ya udongo yalinichukulia mume na watoto, yakaniachia Ambele tu. Basi mimi niliyeishia darasa la pili nikajua nimepata mkwe.

Ukungu wa huku kwetu Kinyala ulijaa mpaka madirishani mwa kanisa. Ambele akapiga fidla, binti mmoja akapiga piano, nami kama niko usingizini nikawaona wajukuu wakikimbia migombani, marehemu babu yao akiwachekea.

Walipomaliza nikapiga vigelegele, nikamfunga binti kitenge kipya. "Karibu nyumbani, Sonata."

"Mama, mimi ni mwalimu Neema," akanong'ona. "Mume wangu yule pale. Sonata ni huu muziki aliotunga Ambele."

Tumpe ndiye aliyeanza kucheka.