Bata wa Kanji

Kama ulikulia Shinyanga mjini katika miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, halafu unasema hukuwajua Bata wa Kanji, basi ama ulikuwa mtoto wa kufungiwa ndani, ama unatudanganya. Jumapili baada ya misa watoto walijazana kwenye ukumbi wa sinema wa Mzee Kanji, wakakaa sakafuni magoti kwa magoti, wakatazama katuni ya Mama Bata na wanawe sita. Jumapili iliyofuata waliitazama ile ile. Kanji alikuwa na katuni hiyo moja tu, na sikumbuki kusikia mtoto akilalamika.

Mashine kubwa Kanji aliitunza kwa filamu za Kihindi za jioni. Ile ndogo ya watoto ilitoa picha vizuri, lakini sauti ilikuwa imekufa, na nchi nzima hakikupatikana kifaa cha kuifufua. Ndipo alipomwita Maige, mfagiaji wake, kijana wa Kishapu ambaye alikuwa hawezi kufagia bila kuigiza sauti za watu. Akampa bomba la bati la kuongelea, akamweka nyuma ya pazia.

"Wewe sema, Maige," alimwambia. "Ila watoto wasijue."

Watoto hawakujua. Mama Bata alifoka kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, mbweha akakohoa kama karani wa pamba, na wote walikuwa ni Maige. Lakini aliyependwa kuliko wote ni bata wa sita, yule mdogo. Huyo alikuwa akichechemea. Ndivyo walivyomchora huko walikomchora: mguu ulinaswa mtegoni, na tangu hapo wenzake wakikimbilia mtoni yeye hubaki nyuma. Maige alimwita Minza, kwa sababu nyumbani alikuwa na Minza wake, binti wa kwanza, ambaye polio ilimwachia mguu mmoja mwembamba. Watoto wa jirani wakitimka, Minza huyo aliwafuata akipiga kelele, "Nisubirini, na mimi naja!" Maige aliyachukua maneno hayo kama yalivyo, na kisauti chake chembamba kama kilivyo, akampa bata. Siku aliyompeleka mtoto sinema, Minza alikaa mbele kabisa, akacheka mpaka akapaliwa.

Mwaka 1978 ikapita surua, na Minza akaenda nayo.

Jumapili ya kwanza baada ya matanga Maige alirudi nyuma ya pazia. Wapo watakaosema ana moyo wa jiwe, na waseme, midomo ni yao. Bata wa sita alipobaki nyuma, Maige akainua bomba na kusema yale maneno kwa sauti ile ile, na ukumbi mzima ukayaitikia. Kwa kitambo hicho kifupi mtoto wake alikuwa hai, na alipendwa na watoto wote wa mji. Mtu akishaonja hilo ataachaje?

Salome, mkewe, alikuwa akipita nje na kapu la nyanya. Akamsikia mwanawe ukutani. Nyanya aliziacha pale pale barabarani.

"Mwanangu amekufa, Baba Minza," alimwambia mumewe jioni ile. "Nimemwosha mimi kwa mikono hii. Na wewe unamfufua kila Jumapili ili watoto wa wenzangu wacheke." Akakataza sauti ile isisikike tena chini ya paa lake. Ukumbi wa Kanji hakuukanyaga maisha.

Maige alinyamaza nyumbani. Sinema aliendelea, mpaka Kanji alipofunga ukumbi na kuhamia kwa nduguze. Yeye na Salome hawakuachana, walizaa watoto wengine, wakawalea mpaka wakaoa na kuolewa. Lakini kati yao palibaki kitu ambacho hakikutajwa, nacho kilikula nao ugali miaka yote hiyo.

Dhahabu ikawavuta hadi Nyarugusu, kama ilivyowavuta wengi ambao pamba haikuwalipa. Maige hakuwa mtu wa kushuka kwenye duara, yale mashimo ya wachimbaji. Kazi yake ilikuwa kutwanga mawe kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, na unga huo aliuvuta puani mwaka baada ya mwaka. Kifua kikaharibika. Koo lililokuwa na familia nzima ya bata ndani yake likabaki na mluzi mmoja mkavu.

Mwaka 1997 Irfan, kijana mwenye banda la video sokoni, alirudi kutoka Mwanza na kaseti ambayo juu ya ganda lake kulikuwa na bata waliovaa kofia. Yeye hakuwa na habari nao. Aliyewatambua ni Herman, mchimbaji mwenye mabega mapana kama mlango.

"Hawa si Bata wa Kanji hawa? Wametengenezwa upya!"

Habari ikaenea mashimoni upesi kuliko habari ya mwamba wenye dhahabu. Wanaume wenye ndevu na watoto, waliokulia Shinyanga, wakawa wanaitana njiani, "Nisubirini, na mimi naja!" Maige alipoyasikia maneno hayo mdomoni mwa mtu aliyebeba sururu, aliuweka chini mtwangio wake. Hakuwa amemsikia mwanawe tangu Kanji afunge milango. Moyo wake ukataka jambo moja tu, kumwona Minza mara moja kabla kifua hakijamaliza kazi yake. Salome hakumwambia.

Jumapili mchana banda lilijaa mpaka watu wakakaliana miguu. Herman akampisha Maige kwenye benchi.

"Shikamoo, Baba Minza. Kaa hapa. Ila hii ni yetu sisi watoto wa mjini, usije ukasinzia."

"Marahaba," alijibu Maige, akakaa. Jina lake halikumshtua mtu. Usukumani akina Minza ni wengi.

Picha ikatokea, ina rangi za kuumiza macho. Mama Bata akafungua mdomo, na kikatoka Kiingereza.

"Aka! Anaongea Kizungu!"

"Wamewaharibu! Bata wa Kanji walikuwa wanaongea Kiswahili."

"Tena Kiswahili cha kwetu kabisa. Wazungu wamewachukua wakawafundisha lugha yao."

"Mwacha asili ni mtumwa!" akapaza sauti mmoja nyuma, na wengi wakamuunga mkono.

Usiwacheke. Katika miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyejiuliza bata aliyechorwa Ulaya aliipata wapi lafudhi ya Shinyanga. Mambo tuliyoyaamini tukiwa na miaka saba hatuyakagui tena, tunayafunga na kuyatunza.

"Ni mimi niliyekuwa nasema," Maige akasema.

"Unasemaje, mzee?"

"Nyuma ya pazia. Wale bata. Ni mimi."

Herman alicheka, si kwa ubaya. "Baba Minza, leo umeanza kunywa mapema! Bata walisema wenyewe, tuliona midomo inacheza." Kisha akamgongagonga begani kama mtu anayembembeleza mtoto. Mgala muue na haki yake mpe, wahenga walisema, lakini haki ya Maige ilikuwa nyuma ya pazia, na waliokuwa mbele hawakuiona. Akarudisha macho kwenye televisheni. Hakuwa amekuja kwa ajili hiyo.

Bata wa sita akatokea. Maige akainama mbele. Mtego ulikuwa pale pale, kwenye majani, na bata mdogo akaujia mbio kama zamani. Akauruka. Akatua upande wa pili kwa miguu yake yote miwili, akakimbia. Akampita ndugu wa kwanza, akampita wa pili, akashika njia ya kilimani mabawa yamefunguka.

Banda likalipuka.

"Huyu si Minza! Minza hakimbii!"

"Sasa 'nisubirini' atasema saa ngapi?"

"Minza anachechemea, bwana! Turudishieni Minza wetu!"

Maige alikuwa amesimama. Mtoto wake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumkimbiza hata kifaranga akamfikia, alikuwa anakimbia, na wote walikuwa nyuma yake. Machozi yalimtoka bila haya. "Mwacheni," alisema. "Mwacheni akimbie." Mluzi wake haukufika hata kwa jirani yake. Herman, ambaye kwa kweli alikuwa karibu kulia na yeye kwa sababu zake, alilipiga teke benchi la mbele, na Irfan akaihofia televisheni yake, akazima.

Maige alimkuta Salome uani akipepeta mtama. Alisimama mbele yake mpaka pumzi ikamrudia.

"Nimemwona Minza," alisema. "Wamemtengeneza upya. Anakimbia."

Ungo ukatulia. Maige alidhani atafukuzwa.

"Na mguu?" Salome akauliza.

"Yote miwili mizima. Amewapita wote."

Salome akaokota changarawe moja kwenye mtama, akaitupa. "Alikuwa anakimbilia wapi?"

"Sijui, Mama Minza. Wamezima kabla hajafika."

Akauweka ungo chini. "Kesho twende," alisema. "Na mimi nimwone."

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akatangulia mlangoni yeye, mwanamke aliyekuwa amekataa kwa miaka kumi na tisa. Walimkuta Irfan akimimina mafuta kwenye jenereta.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," Salome alijibu. "Tumekuja kumwangalia yule bata mdogo. Pale anapokimbia tu, hatutakusumbua."

Irfan akajikuna kichwa. "Ile kaseti? Wateja walinitukana sana jana, mama. Na kaseti tupu hapa hazipatikani, kwa hiyo nikarekodia filamu ya ngumi juu yake." Akaona nyuso zao, akaongeza haraka, "Lakini jioni njooni, mtaingia bure."

"Hakuna hata kipande kilichobaki?"

"Hakuna, mama."

Salome akamshukuru, maana alilelewa vizuri, akageuka akashika njia ya kupanda nyumbani. Alikwenda kwa kasi, kichwa chini. Maige alimfuata. Katikati ya kilima kifua kikambana, miguu ikakataa, na umbali kati yake na kile kitenge ukazidi kukua. Aliogopa, hata sijui aliogopa nini, akaita kwa pumzi kidogo iliyokuwepo.

"Nisubiri! Na mimi naja!"

Ilitoka nyembamba mno, kama ya mtoto. Salome akasimama kama aliyeshikwa bega. Ndipo Maige alipotambua alichokisema, na kwa sauti gani, akalikumbuka katazo.

"Nisamehe," alisema. "Sikukusudia. Ni kifua tu."

Mabega ya mkewe yalikuwa yakitikisika.

"Sema tena," Salome alisema, bila kugeuka.