Jina la Shangazi Katika Muundo wa Kampeni

Kampeni za ubunge Muleba nilikuwa katibu wa mgombea wetu. Bosi wangu alikuwa meneja wa kampeni, shemeji yake mgombea. Shangazi yangu, mjane wa kijiji cha Kishanda, alitupikia ndizi kila tulipofika kwake. Aliongoza kikundi cha kina mama wa chama kijijini, lakini kwenye kampeni hakuwa na cheo chochote.

Wiki ya mwisho meneja alinipa karatasi ya kuchapa: mpinzani wetu amelazwa mahututi na amejitoa. Nilijua ni uongo. Siku iliyotangulia nilimsikia mpinzani huyo kwa masikio yangu akihutubia mkutano Buganguzi. Nilichofanya ni kusahihisha tahajia, nikachapa, nikampelekea shangazi bunda zima.

"Wape watu wakitoka kanisani," nikamwambia.

Hakusoma. Macho yake hayaoni vizuri, na aliyemtuma nilikuwa mimi.

Mpinzani alilalamika, na chama chetu kikaunda kamati mjini Bukoba. Meneja akanipigia simu.

"Chora muundo wa kampeni. Nani alikuwa chini ya nani. Kwenye uenezi weka mtu wa huko huko kijijini."

"Hatukuwa na mtu wa uenezi."

"Karatasi aligawa nani?"

Nilichukua rula na kalamu, nikaandika jina la shangazi: Mratibu wa Uenezi. Mstari wake nikaupeleka kwenye kamati ya kijiji, ambayo haikuwahi kukaa hata siku moja. Mimi nikajiweka pembeni kabisa, mtunza kumbukumbu za vikao, na mchoro ukaenda kwa kamati.

Alikuja kuhojiwa amevaa gomesi, gauni lake refu la sikukuu. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, ulikuwa unaripoti kwa nani?"

"Polisi?" akashtuka. "Sijawahi kuripoti polisi mimi."

Watu wakacheka. Na mimi, niliyekaa pembeni na kumbukumbu za vikao, nilicheka kidogo, Mungu anisamehe.

"Namaanisha, nani alikupa maelekezo?"

Akanitazama. Niliinamia makaratasi yangu.

"Waitu, mheshimiwa, karatasi ziliachwa nyumbani," akasema. "Nikazigawa."

Alivuliwa uongozi wa kikundi cha kina mama wa chama na kutakiwa kuomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji. Siku hiyo nilisema nina kazi mjini.

Zilipita wiki tatu ndipo nikaenda kwake. Nilimkuta akimenya ndizi. Nikaanza kumweleza nilichoandika, akanikatiza.

"Walinisogezea ile karatasi ya muundo usoni. Mwandiko wako naujua tangu unaandikia baba yako barua."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe kwa nini hukuniambia kabla? Ningejua la kujibu."

Kesho yake niliiandikia kamati ukweli wote, jina langu na la meneja. Mwenyekiti akanijibu kwa mistari miwili kwamba shauri limekwisha kufungwa. Nilimsomea shangazi barua hiyo. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi anasali ibada ya kwanza ya Jumapili, yenye watu wachache wa kumtazama.