Samaki Aliyefukizwa Ubani

Maji ya kisima chetu hapa Ukunda ni magumu hata birika likichemshiwa mara tatu huota jiwe la kujengea msingi. Wageni huyalalamikia, samaki wangu huyasifu. Hao ni mbuna, vijisamaki vya Ziwa Nyasa, ukoo mmoja na ngege ila urefu wao ni wa kidole, nao hupenda maji ya chokaa kama hayo. Wanakaa sebuleni katika tangi la kioo ambalo, wallahi, linaishinda bahari yote ya Diani kwa uzuri.

Jike mmoja wa manjano kama bizari alianza kususia chakula. Wa kwanza kuliona hilo ni mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Msambweni kukaa nasi.

"Weye mwanangu, huyu ana nini? Mashavu yamemjaa kama mla haluwa, na chakula hataki."

Nikamweleza. Biolojia niliisoma shule ya usiku, nusu ya darasa ikikoroma na mimi nikiwa imamu wao, lakini hilo nilikuwa nalijua: majike hawa huyabeba mayai mdomoni, yakaanguliwa humo humo, nao hawali mpaka watoto wapate nguvu za kuogelea. Akitishika huwatema, na wenziwe huwala papo hapo. Huu ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na mimi nilikuwa sipati usingizi kama mume wake.

Mama alikisogelea kioo. "Kumbe mwenzangu ni mzazi! Na umemwanika hapa mlangoni, kila apitaye amtolee macho?"

Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, hapigwi upepo wala kijicho. Alasiri nilikuta tangi limefunikwa leso mbili za Mama. Jirani yetu alipobisha hodi aje kuwaona samaki, Mama alimjibu kutoka ndani:

"Mzazi amepumzika, mama. Njoo akitoka nje."

"Kajifungua nani tena humo?"

"Samaki."

Jirani alicheka mpaka kuku wakakimbia. "Basi nitamletea uji wa pilipili manga!"

"Ulete. Nyanya yake nipo, nitamnywea."

Leso sikuzipinga, kwa kuwa giza lilimtuliza. Nilichosahau ni kwamba mzazi hufukizwa pia. Kesho yake niliingia nikakuta nyumba inanukia kama ya harusi. Mama alikuwa ameweka chetezo cha ubani chini ya leso, kando kabisa ya pampu ya hewa, na pampu ilikuwa ikiumeza moshi wote na kuupuliza majini. Nilipofunua, kila povu lililopanda lilipasuka likatoa moshi mweupe. Samaki walikuwa juu, midomo wazi, wanatweta.

"Mama! Ubani unaingia majini!"

"Si ndiyo baraka?"

"Wanakosa pumzi!"

Hapo alikitupa chetezo uani. Huyu ni mama ambaye magoti yake husikika mpaka Tiwi akiinuka, lakini siku ile alileta ndoo za maji ya kisima kwa kasi ya zimamoto. Mimi nilinyonya maji machafu kwa mpira, nikamwaga, nikajaza. Macho yangu yalikuwa kwa yule wa manjano. Naye alikuwa amepanda juu, mashavu yakimpiga mbio, lakini mdomo ameufumba. Wenzake wote walikuwa wameachama. Angeachama yeye, watoto wangekwisha.

"Vumilia, mwanangu," Mama alimwambia, ndoo mkononi. "Vumilia, usiwaachie."

Maji yalipotakata alishuka polepole, akajificha nyuma ya jiwe. Kama bado alikuwa nao, hatukujua.

Zikapita siku. Asubuhi moja Mama aliniita kwa kunong'ona. Vitu vidogo vya manjano, kama punje za mchele, vilikuwa vikimzunguka mama yao. Kwa hesabu yangu walikuwa elfu. Mama anasema hawakufika ishirini. Kivuli changu kilipowaangukia, wote walirudi mdomoni kwa mkupuo mmoja.

Mama alinivuta shati. "Ondoka hapo! Mwenzio hajala tangu lini?"

Tukaketi mbali mkekani, kimya kama wezi. Akawatoa tena, akatazama huku na huku, kisha akanyakua tembe moja ya chakula.

"Alhamdulillahi!" Mama akapaza sauti, na wote wakarudi ndani.