Futa Miguu Kwanza

Steringi hafi, ndivyo wanavyosema watazamaji wa sinema pale Chapwa, mpakani na Zambia, na Ferista neno hilo alishalichoka. Steringi ana nini zaidi ya kofia na koti refu? Macho yake yeye yalikuwa kwa wale wa pembeni: polisi wa mtaa anayesinzia huku jambazi anapita na gunia, mchungaji mwembamba anayeogopa kuku, mama mwenye nyumba anayesimama mlangoni mikono kiunoni. Sura zilezile, leo mpishi, kesho hakimu. Wao ndio wanaoibeba sinema, na jina la steringi ndilo linaloandikwa kubwa.

Zilikuwa sinema za Waingereza za zamani, nyeusi na nyeupe, za vichekesho na za upelelezi, zilizochezwa kabla mama yake Ferista hajaolewa. Mumewe, Raphaeli, alizikuta Nakonde ng'ambo ya boda, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka. Akajenga banda la mabati kando ya nyumba, akaweka mabenchi na spika, na madereva wa malori waliokwama foleni wakawa wateja wake. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha haraka na cha puani, hata Wazambia walipotea njiani. Basi Raphaeli alizima sauti, akashika maiki na kuwasemea wote kwa Kiswahili, kila mmoja na koo lake. Polisi alimpa sauti ya mjomba wake wa Mbozi. Mama mwenye nyumba, aje steringi na maua au aje na bastola, alimjibu jambo moja tu: "Futa miguu kwanza, ndipo useme shida yako." Banda zima lilikuwa likiitikia.

Neno lile lilitoka kwa Ferista. Tope la Chapwa wakati wa masika si la kufanyia mzaha, na yeye alikuwa akimwambia mumewe hivyo kila jioni. Raphaeli alifanya mazoezi ya sauti jikoni, Ferista akisonga ugali na kumkatiza: huyo mama hawezi kubembeleza, ameshachoshwa na wapangaji wakorofi, kaza sauti. Mume anakaza, wanacheka mpaka ugali unashika chini.

Kisha Raphaeli akaugua, na ugonjwa haukumpa nafasi. Matanga hayajaanuliwa, mdogo wake Gibson akaja na fundi kupima ukuta wa banda.

"Shemeji, wewe pumzika tu," alimwambia kwa upole. "Hapa tutaweka runinga ya kuonyesha mpira. Sinema za kaka zimekufa na kaka. Nani atazisemea?"

Akufukuzaye hakuambii toka, na Ferista hakuwa mtoto. Banda likienda, yeye naye atarudishwa kwao Mbozi kama sufuria ya kuazima. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa bado inachemka.

Siku ya kuanua matanga mvua ilinyesha asubuhi. Mchungaji alipokwisha kuomba na kuondoka, ukoo ukabaki chini ya turubai kuzungumza mambo ya marehemu. Tumpe, dada mkubwa wa Raphaeli, ndiye aliyeshika ufunguo wa banda hadi ukoo useme. Mjane alikaa kwenye mkeka, kitenge kichwani, akingoja kusemewa.

Hapo akaingia Wiliam, mtani wa ukoo, amevaa koti la Raphaeli na kofia yake, kama watani wafanyavyo ili msiba uishe kwa kicheko. Mwendo wa marehemu aliupatia kabisa, mpaka wanawake wakajifuta macho. Lakini alipofika kwenye sauti alikwama.

"Jamani, huyu mtu alikuwa na makoo mangapi?" aliuliza. "Nimeshindwa."

"Mnaona?" Gibson alidaka. "Hata mtani ameshindwa. Sinema ndiyo zimekwisha hivyo."

Ferista akasimama. Alivua kitenge kichwani, akakifunga kiunoni kama aproni. Watu wakaguna, maana mjane hasimami kabla hajaitwa.

"Mke wetu, kaa chini," alisema Tumpe.

Wiliam akavua lile koti, akamvika Ferista mabegani. "Leo utani wangu nimempa huyu," alisema. "Atakayekasirika, mbuzi wake nitamla mimi."

Utani ni utani. Ferista alivuta pumzi, na sauti ya polisi ikamtoka, ileile ya mjomba wa Mbozi. Moyo ulimuuma kumsikia Raphaeli kooni mwake, lakini alisonga mbele, akamwendea Gibson taratibu, usingizi umemjaa machoni.

"Bwana mdogo, taarifa imefika kituoni. Kuna mtu amekutwa anapima ukuta wa marehemu. Ulikuwa unapima mahali utakapoegemea ukilia?"

Kisha polisi akasinzia palepale, amesimama, akakoroma. Wazee walicheka hadi kukohoa. Akaja yule mchungaji mwembamba wa sinema, akaombea mabati, akakatisha maombi kuuliza kama kuku amefungiwa. Madereva walijazana kwenye uzio kutazama. Gibson alitafuta pa kuweka uso, hakupapata, na kukasirika hawezi.

Ferista akaenda kusimama mlangoni pa banda, mikono kiunoni. Wote wakamjua ni nani.

Gibson aliinuka akamfuata. "Shemeji, tuongee kiutu uzima," alisema, na kunyanyua mguu kukanyaga kizingiti.

"Futa miguu kwanza!" Si Ferista aliyesema. Ulisema ukoo, wakasema madereva, hata fundi aliyepima ukuta alisema.

Gibson alisimama pale na viatu vyake vya tope, hakujua aende mbele au arudi. Tumpe ndiye aliyenyanyuka. Alimpita mdogo wake bila kumtazama, akafika kwenye gunia la mlangoni, akafuta ndala zake, mguu mmoja, kisha wa pili. Akamtia Ferista ufunguo mkononi, akasubiri afungue, akaingia na kukaa benchi la mbele.

"Haya, mwenye nyumba," alisema. "Washa."