Mama Yake Musa Hakumtupa

Mwanangu, mengi ya ujana nimeyasahau, lakini asubuhi moja ya mwaka 2012 hainitoki. Nilikuwa nimetoka kwetu Lodwar kwenda kufundisha darsa ya akina mama kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Nilijua tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani, nilijua Kiarabu kidogo, na kiburi changu kilikuwa kikubwa kuliko vyote viwili.

Siku hiyo nilisimulia kisa cha Nabii Musa. Nilikuwa na haraka ya kufika kwa Firauni, bahari ipasuke, watu washangae. Nikasema kwa sauti ya juu, "Basi mama yake akamtupa mtoni, akaenda zake."

Mama Zaina, Mkongomani mpole ambaye hata salamu aliitikia kwa kunong'ona, akasimama. "Mwalimu, ule mama hakutupa mutoto. Na miye sikutupa wangu." Akatoka, viatu mkononi.

Wenzake ndio walionieleza. Alipokuwa akikimbia vita, mtumbwi wake ulianza kuingia maji, akamkabidhi mwanawe wa miezi minane kwa watu wa mtumbwi uliotangulia. Hakuwaona tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Maalim Abdi, mzee wa Kisomali aliyesimamia madrasa yetu, alinisikiliza nilipomweleza yaliyotokea, bila kuinua macho. "Ulisimulia ukiwa wapi?" akaniuliza. Sikumwelewa. "Wewe ulisimama ukingoni, ukitazama sanduku likielea. Kitabu hakikusimama huko. Humo Mwenyezi Mungu anasema na mama mwenyewe. Kabla ya kuutaja mto anamwambia: mnyonyeshe. Baada ya kuutaja: usiogope, usihuzunike. Kisha ahadi, kwamba atarudishiwa. Halafu tunaingizwa mpaka ndani ya moyo wake, tunaambiwa umebaki mtupu. Moyo huo wewe umeuruka, binti yangu."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikwenda kwa Mama Zaina, nikamkuta anapepeta mtama. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi, nikazisoma aya zile taratibu na kumfasiria neno kwa neno.

Akauliza, "Na wangu, atarudishwa?"

Mwanangu, uongo mtamu ulinijia mdomoni. Nikaumeza. "Sijui, mama. Ahadi ile alipewa mama yake Musa."

Akauweka ungo chini. "Basi soma tena pale pa moyo."

Nikasoma. Alilia, nami nikakaa naye mpaka jua likawa kali. Juma lililofuata alikuja darsani. Habari za mwanawe sikuzisikia kamwe.

Kwa hiyo wewe unayesimulia visa vya Mitume, usikimbilie miujiza. Tazama ni nani anayesemeshwa, na neno gani limetangulia jingine. Pale Mungu aliponyamaza, nawe nyamaza, usijaze kwa domo lako. Na kabla hujaanza, wajue walioketi mbele yako, maana huenda kisa unachokisoma wao wamekipitia.

Mola akupe ulimi mpole na sikio pana, akulinde na maneno yasiyorudi, na kila mama anayengoja ampe subira njema. Amin.